Vijumba vya Bwana Ujenzi

Hakuweza kukaa karibu na udongo mbichi akauacha. Ukimkaribisha nyumbani, ukampa kigoda, ukaingia jikoni kumtafutia chochote, ukitoka unamkuta amekwisha kufinyanga nyumba. Nyumba ndogo ya kukaa kiganjani, ina mlango, ina paa. Anaigeuza huku na huku, halafu anakuuliza: "Mama, wewe mlango huu ungeuweka wapi?" Ukimjibu kwamba hapohapo panatosha, anakunja uso kama mtu aliyeletewa uji bila chumvi. Kuambiwa "sawa" hakukupenda kabisa.

Sisi wakubwa tulimwita Bwana Ujenzi, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta. Watoto walimwita Bwana Vijumba, naye aliitika majina yote mawili. Ukoo wake sikuuliza. Nilijua ni mtu wa pwani, basi. Sisi Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu, kwenda na kurudi. Ukiwa mtani huulizwi ukoo. Unatukanwa kwanza, habari zako zitasikilizwa baadaye.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Tulikuwa tumekaa mbalimbali porini, kila mji na mizinga yake ya nyuki, ndani zaidi ya Kigwa. Tukaambiwa tukae pamoja, tukatoka. Kama lilikuwa jema au baya, wapo waliokwisha kubishana, mimi siongezi. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tumelala vibanda vya nyasi kiangazi kizima tukingoja kuonyeshwa mahali pa kujenga, na nguvu tuliyobaki nayo ilikuwa ya kujenga mara moja. Mara moja tu. Anayejua kupiga tofali na kukata miti ananielewa.

Nami nilikuwa na jambo langu. Binti yangu Nyamizi alikuwa mdogo, na kifua chake kilikuwa kinalia kama mlango mbovu. Masika yaliyotangulia yalikuwa karibu kumchukua. Mganga wa zahanati hakunificha: "Mama, mtoto huyu akilala tena mvua nzima kwenye sakafu ya unyevu, mimi sina dawa." Hilo ndilo lililokaa kichwani mwangu. Wengine walipokuwa wakipiga makofi mikutanoni, mimi nilikuwa nikitazama chini, ni ardhi gani hii tunayopewa.

Siku ya kwanza Bwana Ujenzi alikuja na baiskeli kutoka stesheni ya Kigwa, amefunga nyuma karatasi ndefu iliyokunjwa. Akaitundika kwenye ukuta wa banda la mikutano. Ilikuwa ramani ya kijiji, imetoka mjini, nyumba zote mstari mmoja kando ya barabara mpya. Tukaitazama.

"Mmeelewa?" akauliza.

"Tumeelewa!" Makofi.

"Mwenyekiti, hebu nionyeshe kisima."

Mwenyekiti akasimama, akavuta shati, akaweka kidole kwenye shule.

Mtu mwingine angecheka, au angekasirika. Yeye aliitundua karatasi, akaikunja, akauliza kichuguu kiko wapi. Mchana ule alikuwa amepiga magoti nje ya banda, suruali ya serikali imejaa udongo wa kichuguu, anatengeneza nchi. Huu mwinuko, hii mbuga, hili bonde dogo. Barabara akaichora kwa majivu. Kikapuni mwake alikuwa na takataka ambazo mke yeyote mwenye akili angezichoma: vibiriti vitupu, vizibo vya soda, magunzi, kopo la ugoro. Kopo likawa duka. Kizibo kikawa kisima. Kila mwenye mji akapewa donge la udongo, afinyange nyumba yake mwenyewe, aiweke.

"Mzee mzima anacheza kitoto," akasema Bibi Kalunde, mkunga wetu, mjane ambaye ulimi wake haukuwa na mlango. "Huko kwenu pwani hamkulelewa?"

"Tulilelewa, bibi. Ila mchanga ulikuwa mwingi kuliko chakula."

Ndivyo walivyoanza wale wawili, na hawakuacha.

Alikuwa na misemo yake. Tukiogopa kuweka donge alisema, "Hapa ndipo pa kukosea." Mtu akiwa amebadili mawazo mara nyingi na anaona haya, alimwambia, "Udongo haununi." Nao kweli haununi, ila yeye alinuna. Kwenye bao, mtu huyohuyo aliyetusihi tumbishie kwenye vijumba alikuwa hakubali kufungwa. Alifungwa na mume wangu, akaondoka bila kuaga, kesho yake akapita mlangoni petu anatazama miti. Nami nilimwambia: "Bwana Ujenzi, udongo haununi, lakini kete zinanuna?" Akacheka, bao hakulirudia wiki ile.

Mikono yake ilikuwa hodari kwa vitu vidogo tu. Alitutengenezea benchi la mikutano, likawa linawamwaga watu upande mmoja, hata wazee wakawa wanagombea upande wa juu. Na chumba alichopanga Tabora mjini, waliofika walisema, kilikuwa kinavuja juu ya kitanda, naye alikisogeza kitanda badala ya kupanda darini. Nyuki aliwaogopa kuliko simba, na amekuja nchi ya nyuki. Michembe, viazi vyetu vikavu vilivyopikwa kwa karanga, alikula mpaka tukaogopa. Alijifunza salamu moja ya kwetu, "mwangaluka", ambayo ni ya asubuhi, akaitoa asubuhi, adhuhuri, na jua likizama. Tulichoka kumrekebisha.

Usafi wa kijiji chake kidogo aliulinda kwa ukali. Hakuna kukanyaga, hakuna kutema mate. Basi mbuzi wa mwenyekiti wakakata kamba, wakapita katikati, wakala shule yote maana paa lake lilikuwa la mabua. Tukangoja hasira. Akakaa kwenye lile benchi lake, akateleza, akakaa tena.

"Kumbe shule iko kwenye njia ya mbuzi," akasema. "Tuihamishe."

Nayo tuliihamisha, mpaka leo iko hapo.

Jambo la jiko nalo nitalisema. Ramani ya mjini ilikuwa na jiko ndani ya nyumba, chumba kidogo kama kabati. Wanawake tulinung'unika chinichini. Akatusikia. Akakata matete, akayalaza chini kwa ukubwa wenyewe wa jiko lile, akaleta mafiga, chungu, mwiko, akaniita mimi. "Ingia mama, pika."

"Nipike nini, hakuna moto?"

"Pika hivyohivyo."

Nikaingia ndani ya matete, nikainama kusonga ugali wa hewa. Nilipogeuka kuchukua maji, makalio yangu yakaubeba ukuta mzima. Wanawake walilia kwa kicheko. Bibi Kalunde akasema nyumba hiyo wajengewe watu wa pwani ambao hawana kitu nyuma. Bwana Ujenzi akalivuta tete nyuma kidogo. "Tena," akasema. Nikageuka tena, nikauangusha tena. Tuliendelea hivyo mpaka jiko likatoka nje ya nyumba kabisa, likakaa uani ambako majiko yetu yamekaa siku zote. Akafuta jasho. "Sasa hili limepikiwa," akasema.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Baba mkwe wangu, mzee mkali, mkulima wa tumbaku, alikuwa ameweka nyumba yake ya udongo chini kabisa, mbugani, ubavuni mwa barabara ya majivu. Alitaka lori lipakie tumbaku yake mlangoni. Na baba akikaa mahali, wana humzunguka. Kwa hiyo wanawe wote walipanga vijumba vyao pale, na cha mume wangu kikiwemo. Nilikipima kwa macho. Mbuga ile niliijua. Nilikuwa nikichuma mlenda pale, nimeona alama za maji kwenye mashina ya miti.

Lakini kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe wala kitu chake. Jina lake halitaji. Haketi anapoketi, hapiti mbele yake, hazungumzi naye uso kwa uso. Na donge lile la udongo, hata kama ni donge, lilikuwa nyumba ya mkwe. Wake wa wana tulisimama mbali nalo kama lina moto. Kwa kuwa nyumba zetu zilikuwa karibu na yake, na zenyewe hatukuzigusa.

Bwana Ujenzi akaja akaona siku zimepita, upande ule hakijasogezwa kitu. Akafurahi. "Huku naona mmekubaliana," akasema, akatoa kalamu aandike.

Hatukuwa tumekubaliana. Tulikuwa na adabu tu. Nyumbani nilimsihi mume wangu aseme. Akanijibu, "Nimwambie baba hajui ardhi? Mimi?" Akageukia ukutani.

Aliyesema ni Bibi Kalunde, kwa utani wake, maana utani hauna mkwe. "We mtu wa pwani, una macho au una matundu? Huoni wanawake wanakimbia udongo kama chui? Ile ni nyumba ya mkwe wao! Wataigusaje?"

Bwana Ujenzi akasimama. Akatutazama sisi tuliojipanga nyuma kama kuku wa mvua. Akalitazama donge. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuona kwamba sisi vijumba vile hatukuviona kama mchezo. Yeye aliviita mfano. Kwetu zilikuwa nyumba.

Hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Akaazima mwiko kwangu. "Mkono haugusi," akasema, "lakini mwiko je?" Wanawake tukatazamana. Mwiko hauna mkwe. Tangu siku hiyo vijumba vya upande wetu tulivisogeza kwa mwiko. Hata hivyo nyumba ya baba mkwe yenyewe hakuna aliyethubutu kuisogeza, na zetu zote zikabaki mbugani zikimzunguka.

Kesho yake akawaita watu wote, wanaume kwa wanawake. Akauliza, "Maji hapa wanachota nani?"

"Wanawake," wakajibu.

"Basi mvua nayo wainyeshe wao." Akanitazama mimi, niliyekuwa nimetoka kisimani, mtungi kichwani. "Mama Nyamizi. Masika yakianza, maji yanatoka wapi? Nionyeshe. Mwaga."

Baba mkwe alikuwa amesimama upande wa pili, fimbo mkononi. Nikainamisha macho. Nilimfikiria Nyamizi, nilikuwa nimemwacha kibandani amelala, kifua kinapanda na kushuka. Nikazunguka kwa nyuma ya watu, nisipite mbele ya mzee, nikafika upande wa mwinuko. Nikainamisha mtungi.

Maji yakashuka taratibu. Yakaifuta barabara ya majivu. Yakateremka bondeni, yakafika mbugani, yakatulia. Halafu yakaanza kupanda. Nyumba ya baba mkwe ikalowa miguu, ikainama upande, ikakaa chini kama mzee aliyechoka. Ikawa tope. Yetu ikaifuata.

Mkamwana amebomoa nyumba ya mkwe mbele ya kijiji kizima. Mume wangu hakuinua uso. Mimi mtungi sikuutua.

Baba mkwe alikohoa. Hakunitazama, maana naye haruhusiwi. Akazungumza na hewa, kama ilivyo desturi: "Mwambieni mke wa mwanangu amwage tena. Safari hii polepole. Sikuona vizuri yanapopita."

Nikamwaga tena, polepole. Mzee akachuchumaa, akayafuata kwa ncha ya fimbo yake, kutoka juu mpaka chini. Kisha fimbo ikarudi juu, ikasimama kwenye ule mgongo wa ardhi ambako ilipita njia ya zamani ya misafara, ile iliyokwenda Kwihara.

"Babu yangu alibeba mzigo akapita huku juu," akasema. "Nilikuwa nikimwona mjinga, anapanda kilima na mzigo begani." Akachota tope lake kwa mikono miwili, akalifinyanga upya, akaliweka juu, mgongoni. "Lori litapanda. Lina miguu minne." Halafu akageukia wanawe. "Mnangoja nini? Na mumtazame yule mwenye mtungi, asikae jirani yangu sana."

Hapo watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Mimi nilitua mtungi, nikakaa chini palepale kwenye matope.

Bado walikuwapo wakubwa wa mjini, waliotaka nyumba zionekane barabarani. Walipokuja, Bwana Ujenzi hakuwatundikia karatasi. Aliwapeleka kwenye vijumba, na aliyemwaga maji siku hiyo alikuwa baba mkwe mwenyewe, kwa madaha, kana kwamba mtungi ulikuwa wazo lake tangu zamani. Walitaka mstari, tukawapa mstari. Tuliupandisha tu juu.

Tukajenga. Kabla mvua hazijaanza, Bwana Ujenzi akapata uhamisho. Alikuja kuaga na baiskeli yake, akazunguka nyumba mpya moja baada ya nyingine akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Kijiji kidogo cha udongo alitaka kukifukia. Watoto wakalia, akakiacha.

Mvua kubwa ilishuka mfululizo. Alfajiri moja niliamka kabla sijafumbua macho vizuri, nikapapasa sakafu chini ya mkeka wa Nyamizi. Nikapapasa tena. Nikapapasa mpaka pembeni, ukutani. Pakavu. Mtoto anapumua, hana mluzi. Nililala tena, mimi ambaye silali jua likichomoza. Kulipokucha tukatoka kutazama. Mbuga ilikuwa ziwa, vyura wanaimba pale ambapo pangekuwa kitanda changu. Baba mkwe alisimama akatazama. Mchana akaja na kuku, akamfunga kwenye nguzo ya jiko langu, akaenda zake.

Miaka imepita mingi. Siku moja nilikwenda Tabora na Nyamizi, tumepeleka asali sokoni. Nikamwacha anapakua ndoo, nikaingia mgahawa wa karibu na stesheni kupumzisha miguu. Kwenye meza ya pembeni alikaa mzee amejikunyata ndani ya koti, na mbele yake njiti za kibiriti zimesimamishwa nne nne, zimeezekwa kipande cha gazeti.

Nikasogea. "Shikamoo, Bwana Ujenzi."

Akainua macho, yamefifia kidogo. "Marahaba." Akanitazama sana. Kisha uso ukafunguka. "Mwangaluka!"

"Jua limeshainama, mtani. Hujajifunza tu?"

Hakuuliza habari za nyumbani, hakuuliza watoto. Alinishika mkono. "Mama Nyamizi. Maji yalipita wapi?"

Nikaketi. Akaniambia alikwenda huku na huku, mpaka Kaliua na mbele zaidi, akafinyanga vijiji vingi. Vingine alisikia jinsi vilivyokuwa baadaye. Chetu hakusikia. Kila masika yalipoanza, alikuwa akikumbuka ule mgongo wa ardhi na kujiuliza kama alitusogeza vya kutosha.

Maneno hayakunitosha. Nikavuta bakuli la sukari: hii shule, bado iko mbali na mbuzi. Nikaazima vibiriti kwa mwenye mgahawa, nikavipanga: huyu fulani, huyu fulani, hapa mimi. Nikachukua kikombe kitupu kiwe nyumba ya baba mkwe, na nilipotaka kukiweka mahali pake, nikashika kijiko, nikakisukuma kwa kijiko.

Bwana Ujenzi akakitazama kijiko. "Mzee bado yupo?"

"Alitangulia, zamani."

"Na bado humgusi?"

"Kwani mkwe anakwisha?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akavuta glasi yake ya maji, akaniangalia kama mtoto anayeomba ruhusa. "Nimwage?"

"Mzee, meza hiyo!" akapiga kelele mwenye mgahawa.

Alikwisha kumwaga. Meza ilikuwa imeinama, kama lile benchi lake. Maji yakateremka, yakapita kando ya vibiriti, yakatiririka ukingoni, yakamwangukia miguuni mtu aliyekuwa anaingia na ndoo ya asali kichwani, hahemi, ananitafuta.

"Babu, unanilowesha!"

"Huyu ndiye Nyamizi," nikasema. "Yule wa kifua."

Bwana Ujenzi alimtazama kuanzia kichwani kwenye ndoo mpaka miguuni kwenye maji. "Pole, mjukuu wangu," akasema mwishoni. Akarudi mezani. Akainua kibiriti kimoja kimoja, akapapasa chini yake kwa kidole. Akafika kwenye kikombe. Akachukua kijiko, akakisogeza, akapapasa na hapo.

"Pakavu," akasema.